Daftari la Zamu ya Usiku

Miaka kumi na minne naandika majina
kwenye daftari la mapokezi, hapa Piedade,
kusini mwa Recife, ambako bahari husikika
pale tu jenereta inapozimwa.

Nani huingia? Waendesha pikipiki,
hao nimeacha kuwahesabu.
Aliyeanguka ngazini akifunga taa za Krismasi.
Dona Iracilda: nyuki.
Fundi wa lifti: umeme.
Mtoto wa mwaka mmoja na ndoo ya maji
ambayo wala haikujaa.
Na kila baada ya mshahara
mwanamke anayesema amejigonga mlangoni.
Nashika mkasi, nakata blauzi kuanzia shingoni,
na humo nguoni nakikuta kikulacho:
vidole vitano, rangi ya zambarau,
vya mtu anayengoja nje kwenye benchi
na mfuko wa machungwa.

Papa: mmoja.

Narudia, maana wageni hawaniamini.
Madaftari tisa. Papa mmoja.

Aliitwa Edivan, kijana wa miaka kumi na saba.
Kibao chenye picha ya meno alikiona vizuri,
alikitundikia fulana yake isipate mchanga,
akaingia maji ya kiunoni.
Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, mto umemwaga tope,
bahari imekuwa chai ya maziwa.
Alisema hakuona kitu.
Alidhani mwenzake anamvuta mguu kwa utani,
akacheka.
Hilo ndilo lililoniganda:
alicheka kwanza.

Daktari alichomoa kipande cha jino mfupani,
chembamba kama ukucha,
akakidondosha kwenye bakuli la chuma.
Samaki alionja, akatema, akaenda zake.
Hakutuchukia. Hakutufikiria kabisa.
Mguu ulikuwa na kilo nne na nusu,
nami ndiye niliyeubeba,
na sikupata njia ya kumwambia mama yake
kwamba lile lilikuwa kosa la kuonja.

Watalii huniuliza: je, ni hatari?
Nawaonyesha barabara ya mbele ya hoteli yao.
Vukeni kwa makini, nasema.
Hucheka, wakidhani nimekwepa swali.

Ijumaa jikoni hupikwa kasao,
minofu myeupe isiyo na miba, tui zito, giligilani.
Wagonjwa huomba waongezwe.
Valdecir, mpishi wetu, mtu asiyethubutu
kulowesha hata kifundo cha mguu baharini,
hulamba mwiko mpaka ung'ae.
Siku moja nikamwambia: kasao ni jina la sokoni tu,
huyu unayempika ni papa.
Akatazama sufuria.
Akatazama dirisha, na maji yale nje,
kama mdai aliyegundua
kwamba mdaiwa ni yeye.
Kisha akaongeza chumvi.

Lori la samaki huja alfajiri.
Wapo kwenye barafu, wadogo kwa wakubwa,
macho wazi, mapezi yamekwisha katwa.
Niliwahi kuanza kuwahesabu
kama ninavyohesabu watu.
Nikaishia kreti ya sita, zamu ikaisha,
na lori lilikuwa halijafika nusu.

Nami nina mwana, Taciano.
Mwezi wa Novemba atatimiza kumi na saba.
Nje ya mwamba nimemkataza kuogelea,
wala haturudii mazungumzo hayo.
Pikipiki ya binamu yake namruhusu,
mradi avae helmeti.
Ananiambia: Mama, si wewe mwenye daftari?
Ni mimi. Tarakimu zote ni za mkono wangu,
nazijua kama rozari,
na bado nikiona taulo begani mwake
moyo unanipapa.
Akichukua ufunguo, namwambia apitie mkate.

Saa nane usiku jenereta inazimwa.
Bahari inasikika, inapumua tu, haina neno na mtu.
Halafu, upande wa barabara, breki.
Nachukua kalamu.